Mwaka Niliolala Nikashinda

Ko! Ko! Ko! Bakora ya Tata ikigonga mabati ya jikoni, kisha kikohozi chake kizito, kisha kimya cha mtu anayesubiri. Hiyo ndiyo sauti ya mwaka wangu wa darasa la nane, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mpaka leo mtu akigonga bati karibu nami moyo huniruka. Nyumbani kwetu ni kwenye mteremko mmoja nje ya Kebirigo, kaunti ya Nyamira, mahali ambapo mashamba ya majani chai yanashuka hadi kijito na kupanda tena upande wa pili. Asubuhi hewa yote hunuka majani mabichi na moshi wa kuni za mkaratusi. Nililala katika chumba kidogo kilichounganishwa na jiko la Mama, mbali kidogo na nyumba kubwa, kwa kuwa nilikuwa nimekua, na kwetu msichana akishakua baba yake hakanyagi anapolala. Adabu hiyo tunaiita chinsoni, nayo haina mjadala. Ndiyo maana Tata aligonga bati kwa nje. Angeona dirisha langu lina giza, basi bakora ingelia mpaka niwashe taa, nifungue kitabu na kukohoa kidogo ili ajue niko macho.

Tata ndivyo tunavyomwita mzazi wa kiume kwa Ekegusii. Mzazi wa kike tunamwita baba. Ndiyo, umesoma vizuri: baba ni mama. Wageni wanaokuja kufanya kazi kwetu hucheka wanapolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, halafu hulizoea, na wengine hulipenda kabisa. Mimi hapa nitamwita Mama, ili tusichanganyane kabla ya wakati wake.

Tata hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alikuwa na duka la misumari, rangi na vifaa vya ujenzi pale Kebirigo, alikuwa mcheshi, na alinipenda kwa namna ya kuniona tayari nimevaa sare ya shule kubwa ya bweni ya wasichana. Tatizo lake lilikuwa Mzee Mogaka. Mogaka alikaa ng'ambo ya kijito, mlango wake ukitazamana na wetu. Walikuwa wamechunga ng'ombe pamoja, wakatahiriwa pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na sasa kila mmoja alikuwa na binti darasa la nane katika shule ile ile. Binti wa Mogaka aliitwa Bosibori. Usiku kutoka kwetu uliliona dirisha la Bosibori likiwaka ng'ambo, nao waliliona langu. Basi wazee wale wawili wakaanza kushindana kwa madirisha. Walipokutana kituo cha kuuzia majani chai hawakusalimiana kwanza, walichokozana. "Mogaka, jana taa yako ilizimika mapema, au wako amekwisha maliza vitabu vyote?" Na Mogaka naye: "Yangu ilizimika baada ya yako, uliza hata mbwa." Watu walicheka, wakapima majani yao, wakaenda zao. Sisi wasichana ndio tuliobaki na macho mekundu.

Unajua tulivyokesha? Kulikuwa na beseni la bluu lenye maji ya kijito, na maji ya kwetu ni baridi ya kukata mifupa. Unatia miguu humo huku unasoma, ukisinzia baridi inakuamsha. Nilikuwa na majani makavu ya chai ambayo niliyatafuna hivi hivi, machungu hadi ulimi unakauka. Na kweli nilikuwa macho, lakini kitabu hakikuingia. Nilisoma ukurasa mmoja wa sayansi mara nne nikifika mwisho nisijue kama ulikuwa wa mimea au wa sumaku. Shuleni nilisinzia kwenye gwaride, nikasinzia kwenye maombi, na siku moja nilisinzia nikiwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Nilikuwa miongoni mwa watatu wa mbele tangu darasa la tano. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nimeporomoka hadi kwenye kundi la wale ambao mwalimu husoma majina yao haraka haraka ili afike mwisho. Na Tata alikuwa amesema wazi: nisipoitwa shule ya maana, nitarudia darasa. Kurudia! Nikae dawati moja na watoto niliokuwa nikiwafunga kamba za viatu! Nilipolifikiria hilo nilizidisha maji ya baridi.

Na uso, jamani, uso wangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu aliyependa kioo, sina haya kulisema, na kioo kikaanza kunitukana. Vifuko viwili vilining'inia chini ya macho. Chunusi zilinitoka kipajini na mashavuni, ngozi ikawa kavu na ya kijivu, midomo ikapasuka. Wavulana wa darasa letu wakaanza kuniita Magokoro, yaani bibi kizee, na jina likashika kuliko lile nililobatizwa. Nilimwendea mama yangu mdogo, ambaye aliuza nguo za mitumba soko la Daraja Mbili kule Kisii na alijua mambo ya urembo, akaninunulia mkebe wa krimu kutoka kwa jirani yake wa kibanda. Krimu ile iliniwasha kama pilipili. Chunusi zikawa kubwa zaidi na zikapata rangi nyingine. Nilienda shule na leso usoni, nikasema naumwa jino.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilikuwa shambani nikichuma majani na Mama. Jua lilikuwa la kawaida, kikapu kilikuwa mgongoni, vidole vilikuwa vinafanya kazi vyenyewe. Ninachokumbuka baadaye ni Mama akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, na matawi ya majani chai yakinichoma shavuni. Nilikuwa nimelala nikiwa nimesimama, nikaanguka kifudifudi katikati ya mistari. Mama alidhani nimekufa. Alinibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa namna ile, akapanda nami mteremko wote hadi barabarani, akilia na kuomba na kumkemea shetani, yote kwa pamoja.

Katika zahanati tuliyopelekwa kulikuwa na daktari kijana kutoka pwani, jina lake Omari. Wanawake wa kwetu walimpenda kwa sababu hakuwakaripia, na kwa sababu alikuwa anajifunza Ekegusii kwa bidii ya kuchekesha. Neno lililomfurahisha kuliko yote lilikuwa lile la baba. Hakuna mwanamke aliyeingia chumbani mwake asiitwe baba. Akatupokea mlangoni na tabasamu lake.

"Bwakire, baba! Karibu, baba, keti. Leo kuna nini?"

"Bwakire buya, daktari," Mama akajibu, bado anahema. "Huyu mtoto ameangukia kwa majani. Ameanguka tu hivyo, puu!"

Daktari Omari alinipima kila kitu. Akatazama macho, ulimi, akanitoa damu kidoleni, akasikiliza kifua. Kisha akaniuliza ninalala saa ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza ninaamka saa ngapi. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini na kunitazama kana kwamba nimemtukana mama yake mzazi. Halafu akaanza kuzungumza, kwa Kiswahili chake kile laini ambacho sisi tulikuwa tukikisikia redioni tu. Alisema sina malaria, sina minyoo, sina upungufu wa damu. Nimenyimwa usingizi, basi. Alisema mtoto hukua akiwa amelala, kwamba ngozi hujitengeneza mwili ukipumzika, kwamba mtu asiyelala hushikwa na kila homa inayopita njiani. Na yale niliyosoma mchana, alisema, kichwa huyapanga vizuri ninapolala. Nisipolala yanabaki yametapakaa huko ndani na siku ya mtihani siyaoni. Kuhusu krimu alisema neno moja: tupa. Kisha akamgeukia Mama, akainua kidole.

"Saa tatu usiku awe kitandani, asiamshwe mpaka kukuche. Na jambo hili nataka baba mwenyewe alisimamie. Asimwachie mtu mwingine. Baba ndiye mwenye kauli ya mwisho nyumbani."

Nilimwona Mama akinyooka kitini. Elewa hapo alipokuwa. Mwanamume huyu alikuwa amemwita baba mlangoni, akamwita baba alipomkaribisha kiti, na sasa anasema baba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Hakuna aliyewahi kumwambia Mama kitu kama hicho. Alikuwa ameolewa akiwa msichana mdogo, amechuma majani, amezaa, amepika, amesema sawa mara ngapi sijui, na leo mtu aliyesoma, mwenye koti jeupe, anamwambia hadharani kwamba yeye ndiye. Mimi pia sikushtuka. Nilikuwa nimesinzia nusu, na masikioni mwangu baba alikuwa yeye tangu nijue kusema.

"Nimesikia, daktari," Mama akasema. "Baba atasimamia."

Njiani kurudi hakulia tena. Alitembea mbele yangu mabega juu, akiwasalimu watu kwa sauti. Jioni Tata aliporudi kutoka dukani akamkuta amekaa, hakusimama kumpokea mfuko, akamweleza yote yaliyotokea na akamalizia kwamba daktari amempa yeye kauli ya mwisho. Tata akacheka hadi akashika mbavu. "Huyo daktari amesomea wapi?" Kisha akakumbuka mtihani, akaacha kucheka. Alisema anasikitika nimeanguka, nipewe uji wa wimbi na mayai, lakini usingizi utasubiri Desemba. Akanyoosha mkono dirishani. Ng'ambo kule, dirisha la Bosibori lilikuwa linawaka. "Unaona? Mogaka halali. Sisi tulale?"

Mama akasema, "Sawa." Ukiwa mume wa Kigusii na mkeo akasema sawa kwa sauti ile, nakushauri ujiangalie.

Usiku ule aliniita jikoni. Akamimina maji ya moto kwenye beseni lile lile la bluu, akaniosha miguu kama mtoto mchanga, akanipa ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, chungu na tamu. Kisha akanionyesha kitanda. Nikamuuliza taa itakuwaje, Tata si atagonga? Mama akachukua taa yetu ya sola, ambayo ilikuwa imeshiba jua mchana kutwa, akaiwasha na kuitundika kwenye ukuta wa mbali, nyuma ya meza yangu. Akaenda pembeni ambako mavuno yalikuwa yamepangwa, akachagua boga moja la duara, la ukubwa wa kichwa cha mtu mwenye akili, akaliweka mezani juu ya vitabu vyangu, akalifunga kitambaa changu cha kichwani. Akavuta pazia. Kivuli kilichoonekana kwa nje, naapa, kilikuwa mimi nimeinamia kitabu. Mama akarudi nyuma akakitazama, akaweka mkono mdomoni, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Halafu akanifunika blanketi. "Lala, mwanangu. Huyu atasoma."

Sijui nikuelezeje usingizi wa usiku ule. Niliingia ndani yake mzima mzima. Mvua ilinyesha juu ya bati, nikaisikia kidogo tu, kisha sikuisikia tena. Niliamka Mama akipuliza moto wa chai, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kichwa hakiniumi. Sikuwa nimejua kwamba kilikuwa kinaniuma. Nilidhani vichwa vyote viko hivyo. Nje, Tata alikuwa anapiga mswaki uani, uso umemkunjuka kwa furaha. Alimwambia Mama maneno ambayo familia yetu inayarudia hadi leo: "Nimechungulia mara mbili usiku. Huyo mtoto hata hatingishiki! Akili yote iko kwa kitabu." Mama akamwongezea chai.

Basi boga likaendelea na masomo, nami nikaendelea kulala. Wiki ya kwanza nililala tu, kama mgonjwa anayepona. Wiki ya pili nikaanza kusikia walimu wanachosema, na ajabu, nilikuta mengi niliyosoma mwanzoni mwa mwaka yako palepale, yamekaa kwa utaratibu, yananingoja. Hesabu za asilimia zilizokuwa zikinitoa jasho nikazikata moja baada ya nyingine. Nilisoma mchana, nikasoma jioni baada ya kuchuma majani, na saa tatu ikigonga nilifunga kitabu bila majuto. Na uso! Vifuko vya chini ya macho viliondoka kwanza. Chunusi zikakauka, zikaacha alama, na alama zenyewe zikafifia. Ngozi ikarudi na rangi yake ya udongo mwekundu uliolowa. Sikupaka kitu ila mafuta ya kawaida ya mgando. Nilikaa mbele ya kioo cha Mama nikajitazama kushoto na kulia, nikajipenda bila aibu. Jina la Magokoro likafa lenyewe; mvulana mmoja aliyelianzisha akaanza kuniomba rula kila siku ilhali alikuwa na rula tatu.

Bosibori ndiye aliyenisimamisha kwenye daraja la miti asubuhi moja. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imepasuka, na alikuwa amekasirika.

"Kemunto, unapaka nini?"

"Sipaki. Nalala."

"Usinicheze. Taa yenu inawaka usiku wote. Tata wangu ananigongea bati kwa bakora kwa sababu ya hiyo taa yenu!"

Hapo nikaona kwamba mimi nalala na mwenzangu anateseka kwa ajili ya boga. Nikamwambia siri yote palepale juu ya daraja. Kwanza hakuamini, kisha alicheka hadi akakaa chini, kisha akalia. Jioni ile alikuja na mama yake kisimani, na mama zetu wawili wakazungumza kando kwa muda mrefu, wakipigana mabega kwa kicheko. Wiki ile ile, ng'ambo ya kijito, sufuria moja kubwa iliyovishwa kofia ya sufu ilianza kusoma kwa bidii kuliko mwanafunzi yeyote wa Nyamira.

Sasa piga picha. Mabonde mazima yamelala. Wasichana wamelala fofofo, mama zao wamelala, mbwa wamelala. Walio macho ni wanaume wawili tu, kila mmoja kwenye dirisha la nyumba kubwa, Tata akiangalia taa ya Mogaka na Mogaka akiangalia taa ya Tata, hakuna anayethubutu kulala kabla ya mwenzake. Wiki zikapita namna hiyo. Tata akaanza kuvimba chini ya macho. Akamuuzia mtu kufuli bila funguo. Akapima rangi ya bluu badala ya kijani, mwenye nyumba akaja kugomba. Kanisani alikoroma katikati ya mahubiri, na upande wa pili wa safu Mzee Mogaka naye akaitikia kwa kukoroma, hadi mchungaji akanyamaza kuwapisha. Mimi na Bosibori tulikuwa kwenye kwaya, mbele kabisa, nyuso zinang'aa, tunauma midomo tusicheke.

Siku ya mtihani niliamka mwenyewe. Nilikuwa na hofu, sitadanganya, kwani lile neno kurudia lilikuwa bado limekaa kifuani. Lakini nilipogeuza karatasi ya kwanza nilisoma swali mara moja tu na nikalielewa. Mara moja tu! Nilitaka kusimama niwaambie watu wote. Matokeo yalipotoka mwisho wa mwaka, Kemunto alikuwa wa kwanza shuleni na Bosibori wa pili, wasichana wawili juu ya wavulana wote, jambo ambalo shule yetu haikuwa imewahi kuliona. Wa kwanza mimi, wa pili yeye. Bosibori hukasirika nikilisema na sitaacha kulisema. Tukaitwa sote wawili shule ile ile ya bweni.

Tata alichinja fahali. Watu walijaa uani, akina Mogaka wakavuka kijito na mbuzi wao, na Mama akamwalika Daktari Omari. Tata akasimama katikati, suti yake imempwaya maana alikuwa amekonda, macho yamevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, akatoa hotuba. "Watu wetu, mnaniuliza siri. Siri ni moja: kutolala! Mtoto huyu hajalala mwaka mzima. Nimemwona kwa macho yangu haya." Mogaka akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshindwa kidogo tu. Nilimwona daktari anakunja uso. Akaweka sahani chini, akasimama.

"Samahani, mzee wangu. Mimi nilitoa amri alale saa tatu. Nilisema baba asimamie."

"Hukuniambia mimi kitu."

"Nilimwambia mkeo. Baba asimamie mwenyewe!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na baba si mimi? Daktari, wewe mwenyewe uliniita baba mlangoni, ukaniita baba kitini, ukasema baba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Nikasimamia! Mtoto amelala saa tatu kila siku tangu siku ile."

Daktari akashika kichwa kwa mikono miwili. Wanawake ndio walioelewa kwanza. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama yake Bosibori, kisha vyote vikalipuka. Lakini mimi nilikuwa namtazama Tata. Niliogopa kuliko siku ya mtihani. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, uso wangu, mashavu yangu, akatazama dirisha langu kando ya jiko.

"Na yule aliyekuwa hatingishiki?" akauliza polepole.

Mama akaingia ndani, akarudi na sahani yenye vipande vya boga lililochemshwa, vinatoa mvuke, akamwekea mikononi. "Kula. Ndiye huyu msomi wako."

Tata akalitazama lile boga. Mabega yakaanza kumtetemeka. "Mogaka!" akaita, na sauti ikamkatika. "Mogaka, ndugu yangu, tumekesha na maboga!" Mogaka akamgeukia mkewe, mkewe akatazama juu mbinguni, na hapo wazee wale wawili wakakumbatiana wakacheka hadi wakakaa chini kwenye nyasi na suti zao. Kisha Tata alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Aliinuka, akajipangusa, akasema mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo mwenye jambo na nyumba hii amuulize kwanza mama Kemunto. Alisema kwa mzaha, lakini hakulibadilisha tena. Mama alirudi jikoni haraka, akajifanya moshi umemwingia machoni. Nilimfuata nikamkuta anacheka na kulia, nami nikamshika kiuno, nikamwambia asante, baba. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nitaipata tena kwa ukubwa ule.

Usiku ule Tata alilala mapema, na baada ya wiki chache sura yake ilirudi. Kusema kweli alipendeza.

Siku hizi nina duka la dawa mjini Kisii. Kila siku wanaingia wanawake na wanaume, na siku hizi hata wavulana, wananionyesha vifuko vya chini ya macho na ngozi iliyochoka, wananiuliza nina krimu gani. Wengine wana chunusi za kweli zinazohitaji tiba, hao nawaelekeza kwa daktari wa ngozi, maana usingizi si dawa ya kila kitu na sitamdanganya mtu. Lakini wengi nawauliza swali lile la Omari: unalala saa ngapi? Wanacheka. Wanasema simu, wanasema mpira, wanasema kazi mbili, wanasema watoto. Mama mmoja wa Keumbu alinijibu kwamba kulala ni kwa matajiri. Nikamwambia kwetu hatukuwa matajiri, tulikuwa na boga tu, akanishangaa. Wengine huondoka bila kununua kitu, na bado nafurahi wakirudi baada ya mwezi kunionyesha uso.

Lakini watoto ndio wananiuma. Zamani ilikuwa wazee wawili wenye ubishi. Sasa ni shule nzima imepanga hivyo. Nina binti wa miaka minane, Moraa, na muhula huu shule yake ilitangaza kwamba gari litapita kuwachukua kungali giza ili wapate saa moja zaidi ya masomo kabla ya gwaride. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikakataa. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba wenzake Moraa watamwacha nyuma, wazazi wengine wakaguna, na mmoja akanong'ona kwa nguvu kwamba huyu mama anamdekeza mtoto. Nilikaa chini. Nilimpigia Mama simu, naye akaniuliza jambo moja tu: kauli ya mwisho nyumbani kwako ni ya nani?

Jumatatu iliyofuata, gizani, gari lilisimama langoni na honi ikalia. Nilitoka na shuka mabegani, umande ukanilowesha miguu. Kwenye vioo niliona vichwa vidogo vimeegemea, midomo wazi, mikoba mapajani. Dereva akashusha kioo.

"Madam, harakisha, tunachelewa! Moraa yuko wapi?"

"Nenda tu, kaka. Nitamleta mwenyewe jua likitoka. Amelala."

Nikafunga lango, nikarudi kulala.